Mtu, Mpaka, Maji na Mfuko: Mazungumzo kwa Anayenunua Nyumba ya Kwanza Mpanda

  

Leo nataka tuzungumze juu ya kununua nyumba ya kwanza, jambo ambalo wengi wetu tutalifanya mara moja tu maishani. Na nikisema nyumba, ninyi na mimi tunaelewana. Kwa hapa kwetu, anayekwambia “nimenunua nyumba” mara nyingi amenunua kiwanja, au pagala lililoishia kwenye lenta, au nyumba ya vyumba viwili ambayo mwenyewe anahama. Wachache sana hununua nyumba iliyokamilika, wakakabidhiwa funguo, wakaingiza kitanda jioni hiyohiyo. Kwa hiyo tutazungumzia yote hayo kwa pamoja.

Nimechagua mada hii kwa sababu ya msimu. Mavuno yamekwisha. Mpunga wa Mwamkulu na Kakese umeuzwa, wakulima wa tumbaku wamelipwa, na wachimbaji wetu wadogo wengine wamebahatika. Fedha iko mkononi. Madalali nao wanajua kwamba fedha iko mkononi, na simu zinaita: “Bosi, kuna kiwanja hapa, leo leo, kesho hukikuti.” Umewahi kuambiwa hivyo? Basi kaa na mimi mpaka mwisho.

Tukumbushane kwanza tulikotoka. Mji huu ulivutwa na reli. Tawi la reli kutoka Kaliua lilifika Mpanda mwaka 1950, na sababu yake kubwa ilikuwa mgodi wa madini ya risasi. Watu wakaifuata kazi, nyumba zikaifuata stesheni. Kwa miaka mingi baada ya hapo, Mpanda ilikuwa mji mtulivu, baadaye ukiwa ndani ya mkoa wa Rukwa, na kiwanja ungeweza kupewa na jirani kwa kuelewana tu. Kisha mwaka 2012 ukazaliwa mkoa wa Katavi, na Mpanda ikawa makao makuu. Zikaja ofisi, wakaja watumishi, wakaja wafanyabiashara, zikaja barabara za lami za kuelekea Sumbawanga na Tabora. Sensa ya mwaka 2012 ilikuta mkoa huu una watu zaidi kidogo ya laki tano na nusu. Sensa ya mwaka 2022 ikakuta tumevuka milioni moja na laki moja. Ni miaka kumi tu, na idadi imeongezeka maradufu.

Maana yake ni nini kwako wewe unayetafuta nyumba? Maana yake ni kwamba kiwanja ambacho zamani hakuna aliyekitaka, leo kinatakiwa na watu watatu. Kinapotakiwa na watu watatu, hujitokeza mtu wa kukiuza mara tatu. Na yale makubaliano ya mdomo ya wazee wetu, yaliyotosha wakati mji ni mdogo na kila mtu anamjua mwenzake, hayatoshi tena.

Kwa hiyo leo nitakupa maneno manne ya kushika. Yote yanaanza na herufi M, ili hata kama huna kalamu uyakumbuke. Mtu. Mpaka. Maji. Mfuko. Narudia: mtu, mpaka, maji, mfuko. Ukiyafuata kwa mpangilio huo, utakuwa umepunguza sana nafasi ya kulia baadaye. Wengi wetu tunaanza na la mwisho. Tunauliza “bei gani?” kabla hatujauliza “cha nani?” Hapo ndipo msiba unapoanzia.

Tuanze na la kwanza: mtu.

Ni nani anayekuuzia? Usiniambie jina la dalali. Dalali ni mtu wa kukuonyesha njia, na anastahili ujira wake, lakini ardhi si yake. Mwenye ardhi yuko wapi? Umemwona kwa macho? Umeona kitambulisho chake, na jina lililomo linafanana na jina lililo kwenye karatasi za kiwanja?

Tuchukue mfano. Kijana anakuja, mtanashati, anasema kiwanja kilikuwa cha marehemu baba yake, na sasa anakiuza ili apate mtaji. Kila kitu kinaonekana sawa. Lakini uliza: marehemu aliacha watoto wangapi? Utasikia kuna dada yuko Kigoma, kaka yuko Tabora, na mama mdogo yuko kijijini. Je, nani kati yao ameteuliwa na mahakama kuwa msimamizi wa mirathi? Kama hakuna, kijana huyo hana mamlaka ya kuuza, hata kama amezaliwa na kukulia kwenye kiwanja hicho. Mwambie kwa upole: “Mdogo wangu, leta barua ya usimamizi wa mirathi kutoka mahakamani, tutaendelea.” Kama ni mkweli, ataileta. Kama si mkweli, utaona simu yake haipatikani.

Mfano wa pili. Mwanaume anauza nyumba anayoishi na familia. Mkewe umemsalimia? Anajua kwamba nyumba inauzwa? Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inasema nyumba ya familia haiuzwi wala haiwekwi rehani na mmoja wa wanandoa bila ridhaa ya mwenzake. Kwa hiyo saini ya mke au mume wa muuzaji ni kinga yako wewe mnunuzi. Bila saini hiyo, unaweza kuhamia leo na kesho ukaitwa barazani. Na mama akiwa ndiye muuzaji, sheria ni hiyohiyo, ridhaa ya baba nayo itafutwe.

Na wewe unayenunua, usisahau upande wako. Kama mnanunua mkiwa mume na mke, andikeni majina yote mawili. Dada zangu wengi wamechangia tofali na bati kwa fedha ya vitumbua na ya vikoba, halafu karatasi ina jina moja. Kuandika majina mawili siku ya kwanza ni rahisi kuliko kuyatafuta mahakamani baada ya miaka kumi na tano.

Sasa, mtu unampeleleza vipi? Rudi kwenye kiwanja bila dalali. Nenda jioni, watu wakiwa wamerudi nyumbani. Salimia majirani, kaa kidogo, uliza. Eneo hili ni la nani? Amelimiliki tangu lini? Mpaka wenu uko wapi? Kuna mwingine aliyekuja kuliangalia? Majirani hujua mambo ambayo hayamo kwenye karatasi yoyote. Kisha mwone mjumbe, kisha mwenyekiti wa serikali ya mtaa.

Hapa nisikilizeni vizuri, maana kuna kosa linalofanyika sana. Mwenyekiti wa mtaa anakusaidia kumtambua muuzaji na kujua kama kuna mgogoro. Muhuri wake haukupi umiliki, na haufanyi kazi ya wakili. Narudia: muhuri wa mtaa ni utambulisho, umiliki unapatikana kwingine. Ni wapi huko? Ndiyo tunafika kwenye M ya pili.

M ya pili ni mpaka.

Nikisema mpaka sizungumzii mawe peke yake. Kuna mpaka wa kwenye karatasi, kuna mpaka wa ardhini, na kuna mpaka wa hifadhi.

Tuanze na karatasi. Katika nchi yetu ardhi yote ni mali ya umma, na Rais ndiye mdhamini kwa niaba yetu sote. Wewe unachonunua ni haki ya kuitumia na vilivyojengwa juu yake. Haki hiyo ina ngazi. Kiwanja kilichopimwa kikawa na hati, hicho ndicho chenye miguu imara. Kipo kilichopimwa lakini mwenyewe ameishia kwenye barua ya toleo, ile tunayoiita ofa, hati hajachukua. Kuna maeneo yaliyojengwa kwanza halafu yakafanyiwa urasimishaji. Na kuna lile tunaloliita skwata, halijapangwa wala kupimwa, ushahidi wake ni karatasi ya mauziano na kumbukumbu za majirani.

Je, nakukataza kununua skwata? Hapana. Wengi wetu ndiko tunakoishi. Ninachosema ni hiki: ujue unachonunua, na ulipe bei ya hicho unachonunua. Usilipe bei ya kiwanja chenye hati kwa sababu umeambiwa “kitapimwa hivi karibuni.” Muulize anayekwambia hivyo: kitapimwa na nani, na mchoro wa mipango miji unaonyesha nini hapo?

Swali hilo la mchoro ni zito. Ofisi ya ardhi ya halmashauri ina michoro inayoonyesha kila eneo limepangiwa nini. Hapa makazi, pale biashara, kule shule, kule barabara, kule eneo la wazi. Unaweza kununua kutoka kwa mwenye eneo halali kabisa, na bado ukakuta katikati ya sebule yako ya baadaye inapita barabara ya mtaa. Kwa hiyo kabla ya kutoa hata shilingi, nenda ofisi ya ardhi ya manispaa au ya halmashauri yako na namba ya kiwanja, au mwonyeshe ofisa eneo lenyewe liko wapi. Kama kiwanja kina hati, omba upekuzi rasmi kwa Msajili wa Hati. Upekuzi utakuonyesha jina la mmiliki aliyesajiliwa, na kama kuna rehani ya benki au zuio limewekwa. Ada yake ni ndogo ukilinganisha na hasara ya kununua kesi.

Halafu mpaka wa ardhini. Tafuta bikoni, yale mawe ya mpaka. Zote. Usikubali kuonyeshwa kwa kidole, “kutoka mwembe ule mpaka kwenye kichuguu kile.” Mwembe hukatwa na kichuguu husawazishwa. Chukua mpimaji azitambue bikoni, majirani wakiwepo, kila mmoja aseme ndiyo.

Na mpaka wa tatu ni ule wa hifadhi. Mji wetu umekatizwa na reli, umezungukwa na misitu, na una vijito vinavyopita katikati ya makazi. Reli ina eneo lake la hifadhi. Barabara kuu na za mkoa, kwa Sheria ya Barabara ya mwaka 2007, zina hifadhi ya mita 30 kila upande kutoka katikati ya barabara. Kando ya mito na mabwawa, Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inataka mita 60 ziachwe. Ukiona kiwanja cha bei ya kutupa kando ya reli, kando ya lami au kando ya kijito, jiulize kwa nini mwenyewe anakiuza kwa bei hiyo. Ukiona alama nyekundu ya X kwenye ukuta wa jirani, usiulize tena. Barabara ikikufuata ulipo, unalipwa fidia. Wewe ukiifuata barabara, unabomoa kwa gharama zako.

Neno dogo kwa walioko nje ya mji. Ukinunua ardhi ya kijiji, iwe Nsimbo, Mlele, Mpimbwe au Tanganyika, utaratibu unatawaliwa na Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999. Halmashauri ya kijiji ndiyo yenye kauli, na hati yake ni ya haki miliki ya kimila. Mwenyekiti peke yake chini ya mti si halmashauri ya kijiji. Omba muhtasari wa kikao kilichoridhia. Makazi ya Katumba na Mishamo, yaliyoanzishwa miaka ya 1970 kwa ajili ya wakimbizi kutoka Burundi, yana historia yake ya pekee kuhusu ardhi, kwa hiyo huko uliza halmashauri ya wilaya kabla ya kuahidiana na mtu yeyote. Na ardhi ya msitu wa hifadhi, kama Msaginia, haiuzwi na mtu, hata akikuonyesha mahindi aliyoyapanda mwenyewe.

Tumemaliza mtu, tumemaliza mpaka. Sasa M ya tatu: maji.

Hapa ndipo Katavi inapotofautiana na mahali pengine. Sisi tuna masika moja ndefu, kuanzia Novemba hadi Aprili. Miezi inayobaki ni mikavu, vumbi tupu. Na viwanja vinauzwa lini zaidi? Kiangazi, wakati fedha za mazao zimetoka. Kuchagua kiwanja mwezi Agosti ni kama kuchagua mchumba kwenye harusi ya jirani: siku hiyo kila mtu amependeza. Subiri umwone Jumatatu asubuhi akichota maji.

Mwezi Agosti bonde ni uwanja mzuri, tambarare, udongo laini, fundi anafurahi kuchimba msingi. Mwezi Februari palepale unaweza kufuga kambale. Kwa hiyo kama hujabanwa na jambo, subiri ukione kiwanja mvua zikinyesha. Kama huwezi kusubiri, soma alama. Tazama kuta za nyumba za jirani, kuna mstari wa tope uliokauka juu ya msingi? Kuna matete yanayoota karibu? Misingi ya jirani imeliwa chini? Mifuko ya mchanga imepangwa mlangoni? Na muulize mama wa nyumba ya jirani, maana yeye ndiye anayechota tope kutoka jikoni: “Dada, masika maji yanapita wapi hapa?” Atakuonyesha kwa mkono bila kufikiri.

Na njia je? Barabara ya kufika hapo ikoje mwezi Machi? Mgonjwa akizidiwa usiku wa mvua, bajaji inafika? Mtoto anavuka kijito kwenda shule? Kiwanja kikubwa ambacho hakifikiki miezi mitano ya mwaka si kikubwa kama ulivyodhani.

Hayo ni maji ya mvua. Yako pia maji ya bomba. Mtandao wa MUWASA, yaani mamlaka yetu ya majisafi, umefika wapi? Bomba likiwa mbali, gharama ya kulivuta ni yako. Nguzo ya TANESCO nayo ni vivyo hivyo. Usiandikiwe kwenye tangazo “huduma zote karibu” ukaridhika. Tembea kwa miguu, hesabu hatua kutoka kwenye nguzo ya mwisho.

Halafu kuna maji machafu. Kwenye kiwanja kidogo choo chako kitakaa wapi, na kisima cha jirani kiko wapi? Kisima kikae upande wa juu na mbali na vyoo, cha kwako na cha jirani pia. Kama kiwanja ni kidogo mno na pande zote kuna mashimo ya vyoo, kisima chako hapo ni hatari kwa watoto.

Na kwa kuwa tuko kwenye mambo ya kukagua, unayenunua nyumba iliyojengwa au pagala, nenda na fundi wako, asiwe fundi wa muuzaji. Aangalie kama msingi ni wa mawe au ni tofali mbichi zilizofunikwa kwa plasta. Aangalie nyufa zinazopanda kutoka chini. Apande darini aone kenchi, maana mchwa wa nchi hii mnawajua. Ukiona vijia vyembamba vya udongo vinapanda ukutani kuelekea kwenye mbao, ujue paa hilo lina wapangaji tayari. Pagala lililonyeshewa misimu mitatu bila paa linaweza kukugharimu zaidi ya kuanza msingi mpya. Linavutia kwa sababu unaona kuta zimesimama. Muulize fundi kama kuta hizo zitabeba paa.

Sasa tunafika kwenye M ya mwisho, ile tunayoipenda kuianza: mfuko.

Swali la kwanza la mfuko: je, unahitaji kununua sasa? Mtumishi uliyeripoti mwaka jana na huenda ukahamishwa, si aibu kupanga kwanza, ukaujua mji. Kupanga miaka miwili huku ukichunguza mitaa ni sehemu ya kununua vizuri. Asikudharau mtu.

Swali la pili: bei uliyoambiwa ndiyo yote? Hata kidogo. Kuna wakili, kuna mpimaji, kuna uthamini, kuna ada za uhamisho, kuna ushuru wa stempu, na kuna kodi ya ongezeko la mtaji inayolipwa TRA. Kodi hii ya mwisho kisheria ni ya muuzaji, lakini andikeni wazi kwenye mkataba nani analipa nini, kwa sababu bila risiti yake uhamisho wa hati unakwama. Uliza pia kama kodi ya pango la ardhi ya miaka ya nyuma imelipwa, usije ukarithi deni la mtu. Ukianza kujenga kuna kibali cha ujenzi. Ukihamia, kuna kodi ya jengo, ambayo tangu mwaka 2021 inakatwa unaponunua umeme wa LUKU.

Swali la tatu: umbali unakugharimu kiasi gani? Tupige hesabu pamoja, hesabu ya kichwani. Tuseme umenunua mbali kwa sababu ni rahisi, na bodaboda ni shilingi 2,000 kwenda, 2,000 kurudi. Kwa siku ni 4,000. Siku 24 za kazi kwa mwezi, ni 96,000. Kwa mwaka unavuka milioni moja, na hapo hatujahesabu mtoto wa shule. Baada ya miaka mitatu, ule urahisi umekwisha kuliwa na pikipiki.

Swali la nne: vipi kuhusu mkopo? Mkopo wa nyumba upo nchini. Kampuni ya TMRC ilianzishwa mwaka 2010 ili kuyapa mabenki fedha za muda mrefu za kukopesha nyumba. Lakini benki itakuuliza kwanza hati. Hapo unaona kwamba hati hailindi tu, inafungua mlango wa fedha pia. Wengi wetu tunajenga kwa SACCOS na kwa kudunduliza, tofali mwaka huu, bati mwaka ujao, na hiyo ni njia ya heshima. Na wanaotaka nyumba iliyokamilika, Shirika la Nyumba la Taifa lilijenga nyumba hapa Ilembo, kwa hiyo ofisi zao ziulizwe pia. Tahadhari yangu ni moja: usimalize fedha yote kwenye kununua. Anayebaki mtupu siku ya kusaini hulazimika kuuza siku ya kwanza mtoto anapougua.

Na malipo yenyewe yafanyike vipi? Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Mkataba uwe wa maandishi, mbele ya wakili, mashahidi wa pande zote mbili wakiwepo, na majirani wa mpakani wakisaini. Fedha ipite benki, ibaki na alama. Ukinunua kiwanja cha halmashauri, lipa kwa namba ya kumbukumbu ya malipo ya serikali, usitume kwenye simu ya ofisa yeyote, hata akiwa mpole namna gani. Na yule anayekwambia “toa kishika uchumba leo, mkataba kesho,” mjibu: mkataba leo, kishika uchumba leo.

Mtaniuliza, “Sasa wewe unatushauri nini? Kiwanja, pagala au nyumba?” Nitasema wazi. Kwa mnunuzi wa mara ya kwanza hapa Mpanda, mwenye kipato cha kawaida, ningechagua kiwanja kidogo kilichopimwa, chenye karatasi safi, mahali palipoinuka, karibu na shule na kazi. Juu yake jenga vyumba viwili na choo, uhamie, uache kodi ya nyumba. Vyumba vingine vitakuja. Vyumba viwili visivyo na kesi ni bora kuliko nyumba ya vyumba sita ambayo kila mwezi unaipeleka Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Na kesi ya ardhi, aliyewahi kuwa nayo atakwambia, haiishi upesi. Tangu mabadiliko ya sheria ya mwaka 2021, baraza la kata linapatanisha tu, haliamui. Mkishindwana hapo, mnapanda juu, na kila ngazi ina nauli yake, ina wakili wake na ina miaka yake.

Wasikilizaji wapendwa, muda umenibana. Tukumbushane kwa ufupi. Mtu: nani anauza, na mwenzi wake na ndugu zake wameridhia? Mpaka: ofisi ya ardhi inasema nini, bikoni ziko wapi, hifadhi iko wapi? Maji: masika yanapita wapi, bomba limefika wapi, choo kitakaa wapi? Mfuko: gharama zote ni kiasi gani, na utabaki na nini mkononi?

Ombi langu kwenu ni hili moja. Kama wiki hii kuna mtu anakusubiri umlipe, mwambie asubiri siku chache. Chukua namba ya kiwanja hicho, au mpeleke ofisa akione kilipo, uulize ofisi ya ardhi kabla fedha haijatoka mfukoni. Muuzaji mkweli atakusubiri. Asiyeweza kukusubiri siku tatu, usimpe akiba ya miaka kumi.